Vyumba vya kupanga Lodwar na Kakuma vinatuletea maradhi

JUMA hili sitakuandikia habari za tembe wala sindano. Nataka tuzungumze kuhusu chumba unacholala. Huenda wewe ni mwalimu uliyehamishiwa Lodwar, mwendeshaji bodaboda wa Kanamkemer, mama mwenye kibanda cha chai mjini Kakuma, au mfanyakazi wa shirika la misaada. Kila mwisho wa mwezi unalipa kodi. Je, umewahi kujiuliza kodi hiyo inakununulia nini hasa? Inakununulia kivuli, usingizi na usalama, au inakununulia kikohozi, homa na joto la kukausha damu?

Mimi ni daktari wa maradhi ya kila siku. Wanaokuja kwangu wana kikohozi kisichokwisha, watoto wanaoharisha, wazee wanaozimia kwa joto na akina mama wenye macho mekundu kwa moshi. Nawapima, nawapa dawa, nao wanarudi katika chumba kile kile kilichowapa ugonjwa. Baada ya majuma machache tunaonana tena. Hatimaye nilianza kuwauliza maswali mawili ambayo hayamo katika kadi ya mgonjwa: chumba chako kina madirisha mangapi, na mnalala watu wangapi humo? Mara nyingi majibu hunieleza ugonjwa kabla sijaweka kifaa cha kusikilizia kifuani.

Maoni yangu ni haya. Chumba cha kupangisha kikaguliwe na afisa wa afya ya umma kabla mpangaji hajakiingia, kama vile mkahawa unavyokaguliwa kabla ya kuuza chakula. Sheria ya kufanya hivyo tunayo. Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Na mengi yanayohitaji kurekebishwa ni ya bei ambayo mwenye nyumba wa kawaida anaweza kuimudu akipewa muda.

MIJI ILIYOKUA KWA HARAKA

Tusiwalaumu watu bila kuangalia tulikotoka. Lodwar ilikuwa kituo kidogo cha serikali jangwani wakati wakoloni walipomzuilia hapo Mzee Jomo Kenyatta kati ya mwaka wa 1959 na 1961. Kakuma ilikuwa kijiji kando ya mto Tarach hadi mwaka wa 1992, wakimbizi kutoka Sudan walipowasili na kambi ikafunguliwa. Mwaka wa 2012 mafuta yaligunduliwa katika bonde la Lokichar. Mwaka wa 2013 ugatuzi ulianza, na Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti nzima, ikiwa na wizara zake, bunge lake na waajiriwa wake. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Turkana ilihesabiwa kuwa na watu 926,976. Kakuma nayo, kulingana na uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2018 na Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia, ilikuwa na biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini.

Watu hao wote walihitaji mahali pa kulala. Aliyekuwa na kipande cha ardhi Napetet, Nakwamekwi au California aliuza mbuzi wake, akachukua mkopo wa chama, akajenga vyumba vinne au vinane kwa mfululizo. Alijenga kwa mabati kwa sababu mabati husafirishwa kwa urahisi kutoka Kitale na husimamishwa kwa siku chache. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii, na mtu asiye na hati ya kumiliki ploti hana cha kuweka rehani benki. Anaogopa pia kujenga cha kudumu mahali ambapo kesho huenda kukatokea mzozo. Kwa hiyo alijenga cha muda, na cha muda kikadumu miaka ishirini.

Namtetea mwenye nyumba huyo. Bila yeye walimu na wauguzi wetu wangelala wapi? Lakini mgala muue na haki yake umpe. Mpangaji naye ana haki ya kulala mahali pasipomuua.

KIPIMO CHA WAKIMBIZI NA KIPIMO CHETU

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chumba cha kawaida katika ploti zetu kina futi kumi kwa kumi, yaani mita za mraba tisa na kidogo. Mashirika yanayohudumia watu waliokumbwa na maafa duniani hufuata viwango vinavyojulikana kama Sphere, vilivyoanza kutungwa mwaka wa 1997. Viwango hivyo husema kwamba hata wakati wa dharura, mtu mmoja apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Choo kimoja kisizidi watu 20. Maji yasipungue lita 15 kwa mtu kwa siku.

Kwa kipimo hicho, chumba chetu cha futi kumi kwa kumi ni cha watu wawili. Lakini katika ploti nyingi utakuta baba, mama, watoto watatu na binamu aliyekuja kusoma. Hao ni sita. Kila mmoja ana mita moja na nusu ya mraba, na jiko na madumu ya maji pia yanataka nafasi yao humo. Kwa maneno mengine, msomaji wangu, mpangaji wa Lodwar anayelipa kodi yake kila mwezi anaishi chini ya kiwango kilichowekwa kwa mtu aliyekimbia vita usiku akiwa na kifurushi kichwani. Je, jambo hili halistahili kutukosesha usingizi?

HEWA INAYORUDIWA

Hatari ya kwanza ni hewa. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa, akicheka au akiimba, anavitoa, navyo huelea kwa saa nyingi katika chumba kisichopitisha hewa. Mlango mmoja na dirisha moja dogo upande ule ule havitoshi, kwani hewa haina pa kutokea. Wengine wameliziba hata hilo dirisha dogo kwa katoni ili kuzuia vumbi na wezi. Wanaolala humo hurudia kuvuta hewa ile ile hadi alfajiri.

Mwaka wa 2007 watafiti waliofanya kazi katika hospitali za Lima, nchini Peru, walichapisha matokeo yanayofaa kubandikwa katika kila ofisi ya ujenzi. Walipima jinsi hewa inavyobadilishwa katika vyumba vya wagonjwa. Vyumba vya zamani vyenye dari za juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa vilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuvuta hewa. Upepo, ambao Turkana tunao kwa wingi na hatuulipii, uliishinda mashine.

Tena tukumbuke kwamba dawa ya kwanza ya kutibu kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka wa 1943. Miongo mingi kabla ya hapo, vifo vya kifua kikuu vilikuwa vimeanza kushuka Ulaya na Marekani. Wanahistoria wa tiba wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu, baadhi wakitaja lishe, baadhi wakitaja makazi. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba miji mikubwa haikungoja dawa ndipo ichukue hatua. New York, iliyojaa wahamiaji waliosongamana katika vyumba vya giza, ilipata sheria mwaka wa 1901 iliyolazimisha kila chumba kipya cha kupangisha kiwe na dirisha la kutazama nje, na kila nyumba iwe na choo na njia ya kutorokea moto. Wenye nyumba walilalamika kwamba wangefilisika. Hawakufilisika.

JOTO NA DAWA ZAKO

Lodwar ni mojawapo ya miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya. Mchana wa kawaida hufikia nyuzi 35 kivulini, na mara nyingi hupita hapo. Mabati yasiyo na dari hulichukua joto hilo na kulimwaga chumbani kama tanuri. Mtu mzima mwenye afya atavumilia kwa kutoka nje. Mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito na mgonjwa wa moyo au figo hawavumilii. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu zile zinazoongeza mkojo wamo hatarini zaidi, kwa kuwa mwili wao hupoteza maji upesi. Dalili za kuangalia ni kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na mkojo wa rangi ya chai. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura. Mtoe mahali pa joto, mvue nguo nzito, mmwagie maji na kumpepea, kisha mkimbize hospitali.

Kuna madhara mengine ambayo watu hawayafikirii. Soma karatasi iliyomo katika pakiti ya dawa zako. Nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na nyingine chini ya 25. Insulini ya mgonjwa wa kisukari ambayo haijafunguliwa yataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa niambie, mgonjwa wa kisukari aliyepanga chumba cha mabati aihifadhi wapi? Anajidunga kila siku, sukari haishuki, na sisi madaktari tunamlaumu kwamba anakula vibaya, kumbe dawa imeharibika juu ya rafu. Kama huna friji, weka insulini katika mfuko usioingiza maji, ndani ya chungu kidogo cha udongo kilichowekwa katika chungu kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, mahali penye kivuli na upepo. Hicho ni kipozeo cha akina nyanya zetu, na hufanya kazi hasa katika hewa kavu kama yetu. Hata hivyo, pima sukari yako mara kwa mara.

Joto hilo hilo huwafukuza watu wakalale nje, chini, penye nge na nyoka. Kwa hiyo nikimtibu mtu aliyeumwa na nyoka usiku wa manane uani mwa ploti, mimi huuliza pia habari za paa lake.

Tiba ya paa ipo. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipoteza watu wengi katika wimbi la joto la mwaka wa 2010. Ulitunga mpango wa kukabili joto mwaka wa 2013, na mwaka wa 2017 ukaanza kupaka rangi nyeupe mapaa ya mitaa ya maskini. Paa jeupe hulirudisha jua lilikotoka, na chumba hupungua joto kwa nyuzi kadhaa. Sisi tunaweza kupaka chokaa au rangi nyeupe, na ndani kuweka dari ya mikeka ya mkoma inayosukwa na akina mama wetu hapa hapa. Mjenzi akiuelekeza ukuta mrefu wa ploti kaskazini na kusini badala ya mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la alasiri litagonga ukuta mfupi tu. Jambo hilo halimgharimu hata senti.

MBU WA MJINI NA NZI WA MCHANGA

Tulizoea kudhani kwamba malaria hufuata mvua na mito. Mwaka wa 2023 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao walitangaza kwamba mbu aina ya Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, alikuwa ameonekana katika kaunti za Marsabit na Turkana. Mbu huyu ana tabia mbaya. Anapenda miji, na hutaga katika maji safi yaliyowekwa mapipani, katika matangi na madumu. Mahali ambapo mfereji hutoa maji siku chache tu, kila mpangaji huweka pipa. Ploti ya vyumba kumi ina mapipa kumi. Umeona jinsi tunavyomfugia mgeni huyu?

Kinga yake ni kifuniko kinachobana na kulisugua pipa kila juma, kwani yai huchukua takriban juma moja hadi mawili kuwa mbu mzima. Dirisha nalo liwekwe wavu. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni, madirishani na chini ya paa ziliingiwa na mbu wachache kwa asilimia 59, na watoto waliolala humo walikuwa na upungufu wa damu kwa nadra zaidi. Wavu wa dirisha moja haufikii kodi ya mwezi mmoja ya chumba chenyewe.

Kisha kuna kalaazar, ugonjwa unaojulikana vyema Turkana. Huenezwa na nzi wa mchanga, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye mchana hujificha katika vichuguu vya mchwa na nyufa za kuta. Mgonjwa hupata homa ya majuma mengi, hukonda, na bandama yake huvimba tumboni. Asipotibiwa hufa. Kuziba nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri au saruji, na kuondoa kichuguu kilicho karibu na ploti, ni kazi ya siku moja.

CHOO, MAJI, MOTO NA MAFURIKO

Maji ya Lodwar hutoka kwa wingi katika visima vinavyochota tabaka la maji la chini ya ardhi, na tabaka hilo hulishwa na mto Turkwel. Kwa hiyo shimo la choo lililochimbwa kiholela karibu na kisima linaturudishia uchafu wetu katika kikombe. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sehemu ya chini ya shimo isikaribie maji. Mchanga wetu huporomoka, hivyo shimo lijengewe ukuta ndani. Kiwekwe bomba la kutolea hewa lenye wavu juu, mtindo uliobuniwa Zimbabwe katika miaka ya sabini. Bomba hilo huondoa harufu na kunasa nzi. Ploti ya watu hamsini wenye choo kimoja inakikaribisha kipindupindu.

Mintarafu ya moto, hatari ni mbili. Ya kwanza ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, husinzia, kisha haamki. Usilale kamwe na jiko linalowaka ndani, hata kama ni usiku wa mvua. Ya pili ni stima. Katika ploti nyingi waya mmoja mwembamba hugawanywa vyumba vinane, bila waya wa ardhi na bila swichi ya kukata umeme panapotokea hitilafu. Waya ukichubuka na kugusa ukuta wa mabati, ukuta wote unakuwa na umeme. Mtoto anayeuegemea akiwa na miguu yenye maji hana nafasi ya pili. Fundi wa stima awe na leseni ya mamlaka ya kawi, na mpangaji ana haki ya kuuliza kama anayo.

Mafuriko nayo hayana hodi. Mto Kawalase na mto Tarach huwa mchanga mtupu kwa miezi, kisha mvua ikinyesha mbali milimani maji huja kwa kishindo mahali ambapo anga ni kavu. Aliyejenga vyumba vya kukodisha ndani ya laga amepanga maafa. Mpangaji mgeni kutoka Eldoret au Bungoma hajui kwamba kiwanja hicho kizuri chenye mchanga laini ni njia ya mto. Mwenye nyumba anajua.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi hudhani kwamba mambo haya ni hiari ya mwenye nyumba. La hasha! Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo ina umri wa miaka zaidi ya mia moja, inaihesabu kuwa kero nyumba iliyosongamana kiasi cha kudhuru afya, iliyochakaa, isiyo na mwanga au hewa ya kutosha, au isiyo na maji safi karibu. Afisa wa afya anaweza kumpa mhusika ilani ya kuiondoa kero hiyo, na kama kasoro ni ya ujenzi, ilani humwendea mwenye nyumba. Kanuni mpya za ujenzi za mwaka wa 2024 zilichukua nafasi ya zile za mwaka wa 1968. Na Katiba imezipa kaunti majukumu ya afya, mipango na nyumba. Basi Nairobi si ya kulaumiwa katika hili.

Tatizo moja la sheria lazima nilitaje. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, humlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Anayelipa zaidi ya hapo hana kinga ya baraza hilo. Kiwango hicho ni cha enzi nyingine. Mpangaji anayeogopa kufukuzwa kesho hatathubutu kulalamika leo kuhusu choo. Wabunge wetu wana kazi hapo.

"KODI ITAPANDA"

Najua utakaloniambia. "Daktari, ukileta ukaguzi mwenye nyumba atapandisha kodi, au atafunga vyumba, nasi tutalala wapi?" Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Ndiyo maana sipendekezi tingatinga. Kumbomolea mtu vyumba ni kuwahamishia wapangaji wake katika vyumba vibaya zaidi.

Ninapendekeza hivi. Manispaa ya Lodwar, na Kakuma ambayo nayo imepewa hadhi ya manispaa, zifungue daftari la vyumba vya kupangisha. Chumba kinapobaki wazi, na kabla hakijapata mpangaji mpya, afisa wa afya akikague kwa maswali matano tu. Je, hewa inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine? Je, paa lina dari au rangi ya kupunguza joto? Je, choo na maji vinawatosha watu wa ploti? Je, stima ni salama? Je, ploti imo ndani ya njia ya mto? Kwa maswali manne ya kwanza, mwenye nyumba aliyeshindwa apewe mwaka mmoja wa kurekebisha na apunguziwe ada za kaunti akirekebisha mapema. Kwa swali la tano hapana muda. Maisha ya watu hayangojei mvua ijayo.

Nani atafanya kazi hiyo, na maafisa wenyewe ni wachache? Mwaka wa 2023 serikali iliwapa mikoba ya vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini. Wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba tayari. Waongezewe maswali hayo matano, wapeleke majina ya ploti zenye shida kwa afisa, naye aende pale panapohitajika.

Na gharama? Mwenye nyumba hutaja bei ya wavu na rangi. Mpangaji naye hulipa bei ambayo haiandikwi katika risiti. Dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma, lakini matibabu huchukua miezi sita, na bodaboda aliyekonda kwa kukohoa hapati abiria. Akikosa abiria hapati kodi, na mwenye nyumba naye anakosa. Chumba chenye afya humlipa hata mwenyewe, kwa maana mpangaji mzima hahami na halimbikizi madeni.

UFANYE NINI LEO?

Wewe mpangaji, toa katoni dirishani. Funika pipa na ulisugue kila Jumamosi. Pikia nje au mlangoni. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, nenda ukapimwe, na waambie unaolala nao wapimwe pia. Zungumzeni na mwenye nyumba mkiwa ploti nzima, kwa heshima, kwani sauti ya mmoja hupuuzwa na sauti ya kumi husikizwa.

Wewe mwenye nyumba, kabla hujapandisha kodi mwezi ujao, ingia katika chumba chako kimoja saa nane mchana, ufunge mlango, ukae humo nusu saa. Ukiona huwezi, basi jua unalomuuzia mwenzako. Anza na tundu moja la hewa katika ukuta wa nyuma, lenye wavu.

Nanyi viongozi wa kaunti, hospitali mnazojenga zitaendelea kujaa ikiwa vyumba vinavyozijaza vitaachwa vilivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta zetu za mabati zina nyufa nyingi mno.